Moshi Usio na Mdaiwa

Usevya ni kata iliyomo katika nchi ya Wapimbwe, kusini ya mji wa Mpanda, katika Mkoa wa Katavi ambao ulitengwa na Rukwa mwaka 2012. Kati yake na Mpanda limelala pori la Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Mvua zikikatika nyasi hukauka upesi, na tangu Juni hata Oktoba moto hutembea katika miombo. Mkulima huwasha ili asafishe shamba. Mchungaji huwasha ili majani machanga yachipuke. Mrina asali huacha kijinga nyuma yake. Na walinzi wa mapori nao huchoma mapema kwa makusudi, ili moto mkali wa mwisho wa kiangazi ukose chakula. Miezi hiyo jua huchomoza na kuzama likiwa jekundu kama sahani ya shaba, na milima ya mbali hufutika machoni.

Huo ni moshi wa nje. Moshi wa ndani haungoji kiangazi. Hutoka katika mafiga matatu asubuhi na jioni, mwaka mzima, katika chumba ambacho aghalabu hakina dohani wala dirisha la kutosha. Haukuwa moshi wa kulaaniwa tu. Mbegu za mahindi zilitungikwa juu yake zisiliwe na fukusi, nyasi za paa zilipakwa masizi zikadumu, na mbu walichukizwa nao. Bibi aliyefuta machozi kwa upindo wa kanga huku akisonga ugali hakuona kwamba yu katika hatari. Aliona kwamba kuni za leo ni mbichi.

Kwamba moshi unadhuru, hilo kila kikohozi cha alfajiri kilikwisha kulisema. Jambo la kustaajabisha katika historia yake ni utaratibu wa zamu: nani alihesabiwa kwanza na nani akawekwa mwisho. Mtu akizifuata tarehe moja baada ya moja ataona kuwa vumbi la hewani lilipimwa kwa bidii pale palipokuwa na mtu wa kudaiwa. Palipokosekana mdaiwa, kipimo kilichelewa kwa miaka mingi.

Kwanza yapasa kueleza ni kitu gani kinachopimwa. Vumbi linaloonekana kwa macho si adui mkubwa. Pua na kamasi hulizuia, na mtu hulipenga. Chembe za kuogopwa ni zile ambazo kipenyo chake hakizidi maikroni 2.5, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele mmoja wa mtu huwa na unene wa maikroni 50 au zaidi. Chembe laini namna hiyo hupita puani na kooni bila ya kugonga mlango, zikashuka hata vifuko vya mwisho vya mapafu, na zile ndogo kabisa huweza kuingia katika damu. Kwa hiyo madhara yake hayakomi kifuani: yamo katika pumu na mkamba, lakini yamo pia katika moyo na kiharusi. Ili kuzipima, hewa huvutwa kwa pampu na kupitishwa katika chujio lililopimwa uzito kwanza. Baada ya muda uliowekwa chujio hupimwa tena, na uzito uliozidi hugawanywa kwa wingi wa hewa iliyopita. Hesabu hutolewa kwa mikrogramu katika mita moja ya ujazo. Njia ya pili ni ya nuru: mwali hupitishwa hewani na chembe huutawanya, kama vumbi linavyong'aa katika mshale wa jua upenyao tunduni.

Mshale huo wa jua ndio uliomshughulisha John Tyndall wa London, ambaye mwaka 1870 alihutubia juu ya vumbi na maradhi, akawaonyesha wasikilizaji wake kwamba hewa waliyodhani ni safi ilikuwa imejaa takataka. Mwishoni mwa miaka ya 1880 John Aitken wa Scotland alibuni chombo cha kuzihesabu chembe kwa kuzivika mvuke mpaka kila moja ikawa tone dogo. Wote wawili walikuwa watu wa elimu kwa ajili ya elimu. Hakuna aliyewaajiri wahesabu vumbi kwa faida ya mtu fulani, na kazi yao ikakaa maktabani.

Hesabu yenye meno ilianza chini ya ardhi, na ilianza Afrika. Katika machimbo ya dhahabu ya Witwatersrand mashine za kutoboa mwamba zilitoa vumbi la mawe ambalo lilikausha mapafu ya wachimbaji hata wakafa wangali vijana. Tume ya serikali ililichunguza jambo hilo mwaka 1902, na miaka 10 hivi baadaye zilitungwa sheria za kuwalipa fidia waliougua. Fidia ilipokuja, kipimo kikafuata, maana atakayelipa hutaka kujua analipa kwa kitu gani. Mwaka 1916 Robert Kotzé, mhandisi mkuu wa migodi wa serikali, alitengeneza chombo kilichoitwa konimita: hewa kidogo ilirushwa kwa nguvu juu ya kioo kilichopakwa mafuta, vumbi likanata, na chembe zikahesabiwa kwa darubini.

Faida ya hesabu hiyo haikugawanywa sawa. Mchimbaji Mzungu aliyeugua alilipwa fedha yenye maana. Mchimbaji Mwafrika alilipwa kidogo, au alirudishwa kwao na kikohozi chake. Miongoni mwa waliokwenda huko walikuwamo vijana wa Tanganyika, hasa wa nyanda za juu za kusini, ambao waliandikwa na mawakala wa migodi mpaka wakati wa uhuru. Mapafu yao yalirudi nyumbani pamoja na blanketi na sanduku la bati, na kilichotokea baadaye hakikuingizwa katika daftari la mtu.

Mpanda nayo ilikuwa na mgodi wake. Machimbo ya risasi ya Uruwira yalifanya kazi katika miaka ya 1950, yakitoa risasi pamoja na shaba, fedha na dhahabu, na njia ya reli kutoka Kaliua hata Mpanda ilijengwa kwa ajili yake. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, nao mji ukabaki. Mwaka mmoja kabla ya kufungwa kwake, yaani 1959, wataalamu wa maradhi ya vumbi walikutana Johannesburg wakakubaliana juu ya neno lililokuwa likibishaniwa kwa muda mrefu: kwamba si vumbi lote lipimwe, bali lile dogo liwezalo kufika ndani kabisa ya pafu. Kanuni ya kuchagua chembe kwa ukubwa wake, ambayo leo hutumika katika kupima hewa ya miji yote duniani, ilipata kibali katika mji uliojengwa kwa vumbi la wachimbaji.

Juu ya ardhi mambo yalikwenda polepole zaidi. Tarehe 5 Desemba 1952 ukungu mzito uliteremka London, ukauzuia moshi wa makaa ya mawe usipande, na kwa siku tano mtu hakuweza kuona miguu yake mwenyewe. Ng'ombe wa tunzo walioletwa kwa maonyesho ya Smithfield walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka, na magazeti yakawasikitikia. Watu walihesabiwa baadaye. Takriban 4,000 zaidi ya kawaida walikufa katika wiki chache, na vifo viliendelea kuwa vingi hata mwaka mpya ulipokwisha kuingia. Lakini wakuu walisema kwamba hao wa mwisho waliuawa na mafua. Mwaka 2001 watafiti waliichungua tena hesabu hiyo wakaona kuwa mafua peke yake hayatoshi kueleza, na kwamba waliokufa kwa moshi huenda walifika 12,000. Sheria ya Hewa Safi ilipitishwa Uingereza mwaka 1956.

Chombo cha London kilikuwa rahisi sana. Hewa ilivutwa kupitia karatasi nyeupe, na weusi wa doa ukalinganishwa. Daktari Patrick Lawther wa Hospitali ya St Bartholomew aliongeza chombo kilicho rahisi kuliko hicho: aliwapa wagonjwa wa mkamba daftari ndogo, kila mmoja aandike kila siku kama yu hali bora au mbaya kuliko jana. Maandishi ya wagonjwa yalipowekwa kando ya madoa ya karatasi, yalipanda na kushuka pamoja. Ni vigumu kupata mfano mzuri zaidi wa elimu ya gharama ndogo, na ni jambo la kuhuzunisha kwamba haukuigwa mapema katika nchi ambazo fedha zake ni chache.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya Wamarekani. Tangu mwaka 1974 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, wakiongozwa na Benjamin Ferris, Frank Speizer na baadaye Douglas Dockery, waliwaandikisha watu wazima zaidi ya 8,000 katika miji sita, wakawafuata kwa miaka 14 hadi 16. Matokeo yalitangazwa mwaka 1993: katika mji wenye hewa chafu kuliko yote, Steubenville wa Ohio, watu walikuwa wakifa kwa kiasi cha asilimia 26 zaidi kuliko katika mji ulio safi kuliko yote, hata baada ya kuondoa hesabu ya sigara na mambo mengine. Kilichopatana na vifo vizuri zaidi hakikuwa vumbi kubwa, bali zile chembe laini. Katika bonde moja la Utah, kiwanda cha chuma kilifungwa kwa mgogoro wa wafanyakazi tangu Agosti 1986 hata Septemba 1987. Mchumi mmoja, Arden Pope, akazitazama orodha za hospitali. Watoto waliolazwa kwa maradhi ya kifua walikuwa mara mbili mpaka mara tatu zaidi katika majira ya baridi ambayo kiwanda kilifanya kazi, kuliko wakati kilipokuwa kimenyamaza. Mgomo ulikuwa umefanya jaribio ambalo hakuna mtaalamu angeruhusiwa kulifanya.

Mwaka 1997 serikali ya Marekani iliweka kiwango cha kwanza cha chembe za maikroni 2.5. Wenye viwanda na wenye malori walikwenda mahakamani. Walidai waonyeshwe madaftari ya Harvard, walidai gharama yao ihesabiwe, na shauri lilifika Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2001 iliamua kuwa gharama haina nafasi katika kuweka kiwango cha afya. Wengi huona kesi hizo kama upinzani kwa elimu. Zilikuwa pia chakula chake. Kwa kuwa mdaiwa alikuwa tajiri na alibisha kila neno, kila neno ilibidi lithibitishwe. Fedha za utafiti zikamwagika, vyombo vikazidi kuwa vikali, na chembe laini zikawa miongoni mwa sumu zilizochunguzwa kuliko zote.

Jiko la mafiga halikuwa na bahati ya kuwa na adui wa namna hiyo. Nani atashtakiwa? Mpishi ndiye mwenye moto, ndiye mwenye kupika, ndiye mwenye kukohoa. Hana kampuni ya kumlipa wala ya kumbishia. Kwa hiyo vipimo vya jikoni vilianza kama vitu vya pembeni, vikifanywa na watu wachache waliokuwa na dukuduku. Mwaka 1968 Cleary na Blackburn walitoa taarifa ya hewa ya ndani ya vibanda vya milimani New Guinea. Karibu na wakati huo, daktari Peter Clifford wa Nairobi aliishuku hewa ya moshi katika nyumba za nyanda za juu za Kenya kwa ajili ya saratani ya nyuma ya pua. Kisha, mwaka 1981, Mmarekani Kirk Smith pamoja na wenzake Wahindi walikwenda katika vijiji vya Gujarat wakawavika wanawake pampu ndogo kiunoni, na chujio karibu na kifua, wakawaacha wapike. Ilikuwa badiliko kubwa. London walipima hewa ya mtaa. Gujarat walipima hewa ya mtu. Smith alifariki mwaka 2020 akiwa amelifanyia kazi jambo hili karibu miaka 40.

Afrika Mashariki ilipata kipimo chake kamili katika nyasi za Laikipia. Majid Ezzati na Daniel Kammen, mwishoni mwa miaka ya 1990, walifuata kaya 55 zenye watu 345 katika eneo la Mpala. Wauguzi walizizunguka nyumba hizo mara kwa mara wakiandika nani anakohoa na nani ana nimonia, na vyombo vya nuru vikaandika moshi dakika kwa dakika. Matokeo yao yalitoka mwaka 2001. Moshi ulipozidi, maradhi ya kifua yalizidi. Lakini ongezeko lilikuwa kali zaidi mwanzoni, likapungua nguvu moshi ulipopita mikrogramu 1,000 au 2,000. Maana yake kwa mpishi ni chungu: kupunguza moshi mkubwa kuwa nusu yake hakumpunguzii ugonjwa kwa nusu. Faida kubwa iko chini, karibu na hewa safi, mahali ambapo jiko lililoboreshwa kidogo halifiki.

Waliona na neno jingine, ambalo kila mwanamke wa Usevya angeweza kuwaambia bila ya chombo. Moshi haukai sawa chumbani. Huwaka na kufifia. Huja kwa mkupuo wakati wa kuchochea kuni, na wakati huo huo ndipo mpishi anapoinama kupuliza. Chombo kikiwekwa ukutani na wastani wa siku ukachukuliwa, dhara la mwanamke hupunguzwa katika hesabu, kwa maana wastani haujui nani aliinama. Wakati wastani ulipoachwa na kila mtu akafuatwa mahali aliposimama, wanawake wapikao walionekana kuvuta zaidi ya mara mbili ya walivyovuta wanaume wa nyumba zilezile.

Katika Tanzania swali lilitangulia chombo. Wilayani Bagamoyo, utafiti wa Mtango na wenzake, uliochapishwa mwaka 1992, uliwauliza wazazi habari za watoto waliokufa kabla ya kutimiza miaka mitano, na habari za walio hai. Hawakupima hewa. Waliuliza, pamoja na mengine, mtoto alilala wapi. Waliolala katika chumba kinachopikiwa walionekana kuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa, na hatari hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa nimonia. Miaka 15 baadaye, mwaka 2007, Kilabuko na wenzake walichapisha vipimo vya hewa kutoka wilaya hiyohiyo, jikoni, sebuleni na nje; hewa ya jikoni ilikuwa mbaya kuliko zote. Morogoro nako Stelyus Mkoma alikusanya chembe za hewa ya wazi, wakati wa kiangazi cha 2005 na wa mvua za 2006, akazipeleka maabara, na katika chembe za kiangazi alama za kuni na nyasi zilizoungua zilionekana wazi. Utafiti mdogo wa nyanda za juu za kusini, wa mwaka 2011, ulionyesha kuwa wapishi wa kuni ndani ya nyumba walivuta chembe laini zaidi ya mikrogramu 1,500, na wapishi wa gesi chini ya 20. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2005 kwamba wastani wa mwaka usizidi 10, na mwaka 2021 likashusha mpaka 5. Si haki kulinganisha muda wa kupika na wastani wa mwaka mzima, lakini hata mwenye kupenda uangalifu hawezi kuuficha umbali uliopo kati ya 1,500 na 5.

Hapa historia inakataa kunyooka. Ilitarajiwa kwamba moshi ukipunguzwa watoto watapona. Guatemala, tangu 2002 hata 2004, kaya zilipewa majiko ya dohani. Nimonia ya jumla haikupungua kwa kiasi cha kuthibitika, ijapokuwa nimonia kali ilipungua. Malawi, pamoja na wilaya ya Karonga iliyo jirani na mpaka wa Tanzania, majiko yenye feni yaligawiwa katika vijiji vyenye watoto zaidi ya 10,000. Taarifa ya mwaka 2016 ilisema nimonia haikupungua hata kidogo, ila walioungua moto walikuwa wachache. Kisha likaja jaribio kubwa la gesi katika Guatemala, India, Peru na Rwanda. Wajawazito walipewa gesi bila ya malipo, na chembe walizovuta zilishuka toka 70 hivi mpaka 24. Taarifa ya mwaka 2022 ilisema uzito wa watoto waliozaliwa haukuwa na tofauti ya maana. Ya mwaka 2024 ikasema nimonia kali ya watoto wachanga nayo haikutofautiana.

Wako waliovunjika moyo. Wako pia waliofanya haraka kusema kwamba basi moshi wa jikoni hauna neno, na hao wamekosea zaidi. Mtoto wa Karonga hakuacha kuvuta moshi kwa kuwa mama yake alipata jiko jipya. Alivuta wa jirani, wa takataka zinazochomwa, wa taa ya mafuta, wa shamba. Wala nimonia haina chanzo kimoja. Chanjo, lishe na zahanati iliyo karibu vimo ndani yake. Tena maradhi ya moyo na mapafu ya mtu mzima hayajengwi kwa miezi 18 ya jaribio, bali kwa miaka 30 ya kuinama. Lakini majaribio hayo yalifunua udhaifu wa hesabu kubwa zinazotajwa mikutanoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Hayo si makaburi yaliyohesabiwa. Ni zao la mstari uliochorwa kwa kuunganisha watu wa miji ya Ulaya na Marekani, wavuta sigara, wanaokaa na wavuta sigara, na wapishi wachache waliopimwa. Mpishi wa Mpimbwe anaingia katika hesabu hiyo akiwa amesimama mahali fulani kati ya mkazi wa Steubenville na mvuta sigara. Huenda mahali hapo ni pake, na huenda si pake. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua fedha za afya zipelekwe wapi.

Katavi ina moshi mwingine ambao mdaiwa wake si vigumu kumwona, na bado haukupata umaarufu. Tumbaku ya mkoa huo hukaushwa katika mabani kwa hewa ya moto itokayo katika kuni. Moto wa bani haulali. Mkulima huuchochea usiku na mchana kwa muda wa wiki moja hivi kwa kila shehena, na mara nyingi watoto wake humpokea zamu. Jani hupimwa ubora na kilo zake kwa makini sana siku ya soko. Kifua kilicholikausha hakina mizani.

Tanzania ilitunga kanuni za viwango vya ubora wa hewa mwaka 2007, chini ya sheria yake ya mazingira. Ni kanuni za manufaa, lakini zimejengwa kwa mfano wa nchi za viwanda: zinamtafuta mwenye dohani. Nyumba isiyo na dohani haionekani kwao. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, ambao lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Kwa mara ya kwanza dola imejifanya mdaiwa wa moshi wa jikoni, kwa kuweka ahadi yenye namba na tarehe. Lakini namba hiyo ni ya majiko, si ya hewa. Mtungi wa gesi ukihesabiwa siku ya kugawiwa, kisha ukakaa pembeni kwa kuwa kuujaza ni ghali na gari la gesi halifiki wakati wa masika, hesabu itasema nyumba imesafika na mafiga yatasema vingine. Haihitaji fedha nyingi kujua ukweli. Tangu mwaka 2015 mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umekuwa ukitengeneza Kampala vyombo vya nuru vya bei nafuu, vinavyoweza kufungwa nguzoni au kuwekwa juu ya pikipiki. Chombo cha namna hiyo na daftari la Lawther vingetosha kuanza katika zahanati yoyote.

Mpaka hapo, macho yaliyoelekezwa Usevya ni ya juu sana. Satelaiti ya Terra ilirushwa Desemba 1999, na mwenzake Aqua mwaka 2002. Zilipofika angani, moshi wa kiangazi wa miombo, tangu Angola mpaka Tanzania, ulionekana kuwa miongoni mwa mawingu makubwa ya moshi duniani, na mwaka 2000 wataalamu wa nchi nyingi walikutana kusini mwa Afrika kuupima kwa ndege na kwa vyombo vya chini, pamoja na kile cha Mongu, Zambia. Kwa njia hiyo kila kijiji kilipata namba yake katika ramani, hata kile ambacho hakikufikiwa na pampu wala chujio. Namba hizo hutegemea vituo vya ardhini ili zisahihishwe, na Afrika Mashariki vituo hivyo vimekuwa vichache na vya mbalimbali. Tena satelaiti huupima ukungu wa chembe kwa nuru ya jua. Terra iliwekwa ipite juu ya Ikweta saa nne na nusu asubuhi, na Aqua saa saba na nusu mchana. Moto wa ugali wa jioni huwashwa jua linapozama, ndani, chini ya nyasi za paa.